Nyonyo, alizeti au nazi, na unga gani wa nano? Kuchagua oili ya mimea kwa kazi ya mashine

Anayeuliza "niweke unga gani wa nano kwenye mafuta ya mimea?" ameanzia katikati. Unga wa nano, yaani unga wa chembe ndogo mno, hupunguza kulika kwa chuma, na mara nyingine hupunguza msuguano. Hauwezi kuyazuia mafuta yasichache, wala yasigande kwenye baridi. Hayo mawili ndiyo udhaifu mkubwa wa mafuta ya mimea, na yote mawili huamuliwa na zao lililokamuliwa. Kwa hiyo nalinganisha mafuta kwanza, kisha unga, kisha kazi zenyewe, na kila mahali nitasema ninaegemea wapi.

Sifa ambayo mafuta ya mimea yanayo tayari

Molekuli ya mafuta ya mimea ni gliseroli iliyobeba mikia mitatu ya asidi za mafuta, na upande wa gliseroli una chaji kidogo ya umeme inayoushika uso wa chuma. Oili ya madini (ile itokanayo na mafuta ghafi ya petroli) ambayo haijatiwa dawa haina mshiko huo. Ndiyo maana alizeti tupu, ukiipima dhidi ya oili ya madini tupu, kwa kawaida huonyesha msuguano mdogo zaidi hata kabla ya kuwekewa chochote. Alizeti pia haipungui mnato, yaani uzito wa kutiririka, upesi ikipata moto: kielezo chake cha mnato, namba inayopanda kadiri oili inavyovumilia joto bila kuwa nyepesi, kinapita 200, wakati oili ya madini ya kawaida iko karibu na 100. Na yakimwagika, bakteria wa udongoni huyala. Vipimo vya kimataifa vya kuoza, OECD 301, vinataka angalau asilimia 60 ya kitu ioze ndani ya siku 28 ndipo kiitwe chenye kuoza kwa urahisi, na mafuta ya mimea kwa kawaida hufika hapo. Oili ya madini kwa kawaida haifiki.

Sasa tuyaweke mafuta matatu yanayopatikana kwetu ubavu kwa ubavu.

| | Nyonyo (mbarika) | Alizeti ya kawaida | Nazi |
|---|---|---|---|
| Mnato kwenye 40°C (kwa sentistoki, cSt) | karibu cSt 250 | cSt 30 hadi 40 | cSt 27 hivi |
| Kielezo cha mnato | karibu 90 | zaidi ya 200 | kati ya hizo mbili |
| Asidi kuu | risinoleiki, karibu 90% | linoleiki, 60% hivi | lauriki, karibu nusu |
| Kuganda | baridi kali, chini ya sifuri | chini ya sifuri | 24°C hivi |
| Kuchacha | wastani | upesi | polepole sana |

Nyonyo ni mafuta ya pekee. Asidi yake ya risinoleiki ina kundi la haidroksili katikati ya mkia, na hilo ndilo linaloyafanya yawe mazito na yashike chuma kuliko mafuta mengine ya mimea. Uzito wake kwenye 40°C uko jirani na oili ya gia ya daraja la 220. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zenye injini za mzunguko, kama za Gnome na Le Rhône, zilitumia nyonyo, na sababu moja ni kwamba hayayeyuki kwa urahisi ndani ya petroli. Jina la Castrol, lililoanza kutumika mwaka 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta haya. Ubaya wake ni kwamba yakipata moto hupungua uzito upesi, na moto ukizidi huacha utando mgumu wa rangi ya kahawia. Tena hayachanganyiki vizuri na oili ya madini, kwa hiyo usiyaongeze kwenye gia boksi yenye mabaki ya oili ya zamani. Safisha kwanza. Na mashudu ya nyonyo yana risini, sumu kali: mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana, lakini mashudu yasifike kwa ng'ombe wala kuku.

Alizeti ndiyo rahisi kupata, hasa ukiwa Singida au Dodoma, na ndiyo inayowaangusha wengi. Asidi ya linoleiki ina vifungo maradufu viwili vya kaboni, na mahali kati yake ni dhaifu, kwa hiyo huliwa na oksijeni karibu mara kumi zaidi ya asidi ya oleiki yenye kifungo maradufu kimoja. Paka alizeti ya jikoni kwenye reli za mashine ya kukereza, iache mashine bila kazi kwa wiki kadhaa, kisha pitisha kidole. Utakuta gundi ya manjano inayovutika, na chini yake vumbi la chuma limenaswa. Hakuna unga wa nano utakaoondoa hilo. Dawa yake ni mbegu. Alizeti yenye oleiki nyingi, aina iliyoanza na mbegu ya Pervenets katika Muungano wa Kisovyeti mwaka 1976, ina oleiki zaidi ya asilimia 80 na huvumilia moto kwa muda mrefu zaidi. Ukiipata, lipia tofauti ya bei. Ukikosa, weka kizuia-kuchacha kama BHT, nusu asilimia hadi asilimia moja, kabla hujafikiria unga. Na kama mafuta yametoka kwenye mashine ndogo ya kukamua kijijini, yachuje na uyaondoe maji, kwa sababu maji huivunja molekuli ya mafuta na kuacha tindikali inayoshambulia chuma.

Nazi hazichachi upesi kwa kuwa karibu asilimia 90 ya asidi zake zimeshiba na haziachi nafasi kwa oksijeni. Kule Kerala, India, madereva wa bajaji za injini ya mipigo miwili wameyatumia mafuta haya badala ya oili ya dukani. Lakini yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi. Tanga, Mombasa na Unguja si tatizo kubwa. Njombe, Mbeya au Nairobi asubuhi utakuta kitu cheupe kigumu ndani ya kopo, na pampu haivuti kigumu. Kwa mtu wa pwani mwenye mashine ndogo na nyepesi, nazi ni chaguo zuri ambalo halipewi heshima yake. Kwa wengine, hapana.

Chaguo langu ni nyonyo kwa gia na mzigo mzito, na alizeti yenye oleiki nyingi kwa kukata chuma na kazi nyepesi.

Unga hufanya nini, na lini

Chembe ya nano ni ile isiyozidi nanomita 100. Meno ya gia yaliyosagwa vizuri bado yana vilima na mabonde ya nanomita mamia kadhaa, kwa hiyo chembe hizi hupenya kati yake. Humo ndani hufanya kazi kwa njia nne: nyingine hubingirika kati ya nyuso mbili, nyingine hujaza mikwaruzo, nyingine hujenga utando mwembamba juu ya chuma, na nyingine huvipangusa vilima mpaka uso ulainike.

Njia zote nne zinahitaji chuma kugusana au kukaribia sana kugusana. Hiyo hutokea mashine inapowashwa, inapobeba mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, au inapokwenda mbele na kurudi nyuma. Shafti inayozunguka kwa kasi ndani ya beringi iliyojaa oili imeinuliwa na oili yenyewe, na unga hapo hauna pa kufanyia kazi. Kabla hujanunua, jiulize kama mashine yako kweli inafikia hali ya chuma kugusana. Mashine nyingi hazifiki, isipokuwa dakika ya kuwashwa.

Kiasi kinachofaa kwa kawaida kiko kati ya asilimia 0.1 na 1 kwa uzito. Lita moja ya alizeti ina gramu 920 hivi, kwa hiyo nusu asilimia ni gramu 4.6. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko, kwa sababu unga wa nano ni mwepesi na umejaa hewa. Ukizidisha, chembe hushikana kuwa madonge, na msuguano ulioshuka huanza kupanda tena.

Oksidi ya shaba dhidi ya salfaidi ya molibdeni dhidi ya nitridi ya boroni

Hizi tatu nazitaja kwanza kwa sababu ndizo zinazostahili mjadala.

Oksidi ya shaba hujaza mikwaruzo vizuri, na katika majaribio mengi hupunguza alama za kulika. Wauzaji wanaipenda kwa sababu matokeo yake huonekana haraka. Lakini shaba huchochea mafuta kuchacha, na viwanda vya mafuta ya kula hukwepa mabomba na vali za shaba kwa sababu hiyo hiyo. Jaribio la saa moja halitakuonyesha kasoro hii, ila tangi linalokaa na oili miezi sita litakuonyesha. Kuitia kwenye alizeti ya kawaida ni kuongeza kichocheo mahali ambapo ugonjwa tayari upo. Mimi siiweki kwenye mafuta yoyote ya mimea yanayokaa ndani ya mashine.

Salfaidi ya molibdeni imekuwepo muda mrefu, na fundi yeyote aliyepaka grisi nyeusi kwenye CV joint anaijua. Imejengwa kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine kama karata, na hubeba mzigo mzito ambapo oili imekamuliwa yote ikatoka. Hewani huanza kuharibika ikivuka nyuzi 350 hivi, joto ambalo mafuta ya mimea yenyewe hayawezi kulifikia yakiwa mazima. Hasara yake ni weusi: huwezi tena kusoma hali ya oili kwa kuangalia rangi, na kila kitu inachogusa hubaki na doa.

Nitridi ya boroni, ile yenye tabaka, nayo huteleza kwa namna ile ile, ila ni nyeupe, huvumilia moto zaidi, haipitishi umeme wala haichochei kuchacha. Pia ni nyepesi, na nitaeleza hapo chini kwa nini hilo lina maana. Bei yake iko juu. Kwa oili ya kukatia chuma hii ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu bidhaa hutoka safi.

Silika na oksidi ya titani ni za bei nafuu, na hapo kuna mtego. Unga mweupe wa titani unaouzwa kwa ajili ya rangi ya ukuta una chembe za nanomita 200 hadi 300, kwa makusudi, kwa kuwa ukubwa huo ndio unaotawanya mwanga vizuri. Huo si wa nano hata ukiitwa hivyo dukani. Silika nayo hupenda maji kuliko mafuta, na ile laini sana hugeuza oili kuwa grisi, kazi ambayo viwanda huitumia kwa kukusudia. Alumina niiache upande: ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na ikishikana kuwa donge hukwaruza kile ilicholetwa kukilinda.

Grafini, tabaka jembamba mno la kaboni, husifiwa sana na maabara zina haki ya kuisifu. Dukani ni habari nyingine. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima bidhaa za kampuni 60 ulikuta kwamba katika nyingi, grafini halisi haifiki hata asilimia 10, na kilichobaki ni vipande vya grafiti. Kama utaishia kununua grafiti, nunua grafiti kwa bei ya grafiti.

Kopo lililosimama rafuni

Hapa ndipo michanganyiko mingi hufia. Chembe huzama kwa kasi inayofuata mraba wa upana wake, kwa hiyo donge lenye upana mara kumi ya chembe huzama mara mia haraka zaidi. Kasi hiyo pia hupanda kadiri chembe ilivyo nzito kuliko mafuta, na hushuka kadiri mafuta yalivyo mazito. Oksidi ya shaba ina msongamano wa 6.3, salfaidi ya molibdeni karibu 5, nitridi ya boroni 2.2 hivi, na mafuta yenyewe yako chini kidogo ya 1. Ukipiga hesabu, chembe ya shaba huzama mara nne haraka kuliko chembe ya boroni ya ukubwa ule ule. Na chembe yoyote itazama karibu mara saba polepole zaidi ndani ya nyonyo kuliko ndani ya alizeti, kwa sababu ya tofauti ya mnato tu. Sababu hii peke yake inatosha kunifanya nianze na nyonyo.

Kukoroga kwa fimbo au kwa mashine ya kuchanganyia rangi hakuvunji madonge. Maabara hutumia mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, kwa dakika thelathini au zaidi, pamoja na kitu cha kuzifunika chembe zisishikane. Asidi ya oleiki huru ndiyo inayotumika sana. Inafanya kazi, lakini ni tindikali, na ukiizidisha unaongeza kile kile kinachokula chuma. Nunua unga uliokwisha kufunikwa kiwandani kama unapatikana, au nunua mchanganyiko mzito uliotengenezwa tayari na uupunguze kwa mafuta yako.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mimina mchanganyiko kwenye chupa ya kioo iliyo wazi, iache isimame mwezi mmoja bila kuigusa, kisha iinamishe polepole chini ya taa. Tabaka la unga likibaki limeganda kitakoni wakati oili juu inasonga, mchanganyiko huo hautakiwi kwenye mashine.

Asilimia wanazotangaza

Utakutana na matangazo ya "kulika kumepungua kwa asilimia 40". Mara nyingi namba hizo hutoka kwenye mashine ya mipira minne. Mipira mitatu ya chuma, kila mmoja wa milimita 12.7, hubanwa ndani ya kikombe chenye oili. Wa nne hushushwa juu yake na kuzungushwa mara 1200 kwa dakika, kwa mzigo wa nyutoni 392, kwenye nyuzi 75, kwa saa moja. Kisha mipira ya chini huwekwa kwenye hadubini na kuangaliwa alama ndogo ya duara iliyolika, ambayo kwa kawaida ni sehemu ya milimita. Hicho ndicho kiwango cha ASTM D4172.

Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha. Swali ni kulinganisha na nini. Tafiti nyingi hulinganisha alizeti yenye unga na alizeti tupu, huku mshindani wako halisi sokoni akiwa oili ya madini iliyokamilika, yenye ZDDP, dawa ya zinki na fosforasi inayozuia kulika, iliyoanza kutumika miaka ya 1940. Kuishinda alizeti tupu si kazi kubwa. Muulize muuzaji namba za oili iliyokamilika zilizopimwa kwa mashine hiyo hiyo, kwa mzigo huo huo.

Basi, kwa kazi ipi?

*Mnyororo wa msumeno wa msituni.* Oili yote huishia kwenye vumbi la mbao na udongoni, na mahali pengi watu humimina oili chafu ya gari, yenye metali na sumu za moshi. Hapa mafuta ya mimea yanapaswa kushinda bila mjadala. Lakini yaende bila unga. Ukitia shaba au zinki kwenye oili inayotupwa ardhini, umeharibu sababu yenyewe ya kuchagua mimea. Alizeti yenye kidogo ya nyonyo ili isirushwe upesi kutoka kwenye mnyororo inatosha, na msumeno usafishwe kabla ya kuhifadhiwa.

*Kukereza, kutoboa na kukata nyuzi za skrubu.* Hii ndiyo kazi ambayo unga wa nano umejithibitisha zaidi, kwa kuwa kwenye ncha ya kisu kuna moto mkali, mgandamizo mkubwa na chuma kinachogusana muda wote. Alizeti yenye oleiki nyingi na nusu asilimia ya nitridi ya boroni ni mchanganyiko mzuri. Nyonyo peke yake ni mazito mno kwa bomba la kunyunyizia, ila yakichanganywa na mafuta mepesi huongeza mshiko. Usinyunyize kwa upepo wenye nguvu ndani ya karakana iliyofungwa: ukungu wa oili una madhara kwa mapafu hata bila nano. Dondosha au paka kwa brashi kama kazi inaruhusu.

*Gia zilizofungwa za mwendo mdogo:* winchi, mashine ya kusaga, mashine ya kukamulia miwa. Nyonyo safi, kizuia-kuchacha, na salfaidi ya molibdeni isiyozidi asilimia moja. Mzigo ni mkubwa, mwendo ni mdogo, na joto halipandi sana. Kama gia boksi ina chujio laini, angalia chujio hilo kila unapofungua.

*Haidroliki.* Zipo oili za haidroliki za mimea zilizokamilika, zenye daraja la HETG katika kiwango cha ISO 15380. Nunua hizo zikiwa zimetengenezwa tayari. Usiweke unga wako: vali na machujio ya haidroliki yana nafasi za maikromita chache, na donge moja linatosha kukwamisha vali.

*Injini ya gari au pikipiki ya mipigo minne.* Hapana. Joto, masizi, petroli inayovuja kutoka kwenye silinda na maji yatayafanya mafuta ya mimea kuwa tope, unga uwepo usiwepo.

Mikono na mapafu

Hatari kubwa iko kwenye unga mkavu, kabla haujaingia kwenye mafuta. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka oksidi ya titani mwaka 2006 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani vikivutwa kwa pumzi, na Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chakula mwaka 2022. Fungua pakiti mahali pasipo na upepo, vaa barakoa ya daraja la FFP3 au P100, mimina unga taratibu ndani ya mafuta kidogo kwanza ili ulowe, na ufute meza kwa kitambaa chenye mafuta badala ya kufagia. Vitambaa hivyo, kama vimelowa alizeti, vitandaze vikauke nje au viweke kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Vikirundikwa kwenye kona ya karakana, mafuta yanapochacha hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe.